Kibao kimepinda, stairofomu imeliwa, na shindano limebakisha wiki tatu

"Salaam aleikum. Kundi letu hapa Mombasa hucheza michezo ya vita ya mezani kwa visanamu vya milimita 28. Mwezi huu tuna shindano la mandhari: kila mmoja alete kipande cha sentimita 30 kwa 30 alichokijenga na kukipaka rangi mwenyewe, kisha vyote viunganishwe kuwa meza moja ya mji wa Mombasa wakati Waomani walipoizingira Fort Jesus mwaka 1696. Mimi nimepewa kipande cha nyumba tatu na kichochoro. Nimetumia stairofomu ya boksi la friji juu ya kibao cha MDF cha milimita 3. Nilipopuliza rangi nyeusi ya kopo, ukuta wa nyumba moja ukaliwa mashimo. Kibao kimeinua pembe zote. Mchanga niliochota ufuoni na kuubandika kwa gundi nyeupe bado unanata siku ya nne, na palipokauka pametoka weupe kama ukungu. Wenzangu wanasema hewa ya huku haifai kwa kazi hii, bora nichapishe majengo kwa printa ya 3D, ile inayojenga vitu vya plastiki. Nianze upya, nirekebishe, au nijitoe?"

Wa aleikum salaam. Usijitoe, na usianze yote upya. Malalamiko yako ni manne lakini vyanzo vyake ni viwili: kiyeyushi kimegusa kitu kinachoyeyuka, na maji yameingia au kubaki mahali yasipotakiwa. Hewa ya pwani inachangia, hilo halina ubishi, ila hapa inaonewa. Mtu wa Nairobi angepuliza kopo hilo hilo juu ya stairofomu hiyo hiyo na ukuta ungeliwa vile vile. Kwa maelezo yako, nyumba mbili ziko salama, ya tatu inatengenezeka, kibao ni cha kuamuliwa, na mchanga lazima uondoke wote.

Tuanze na ukuta. Stairofomu ni plastiki iitwayo polistirini, iliyofurishwa ikawa punje nyepesi. Karibu kipande chote ni hewa; plastiki yenyewe ni utando mwembamba tu unaoishika hewa hiyo. Rangi ya kopo hubebwa na viyeyushi kama asetoni, tolueni au zailini, na vyote hivyo huyeyusha polistirini. Utando ukiyeyuka, hewa hutoka na punje husinyaa. Ndiyo sababu shimo huendelea kupanuka hata baada ya kuliweka kopo chini, mpaka kiyeyushi kiruke chote. Supaglu hufanya hivyo hivyo, na gundi ya fundi viatu pia, na tapentaini. Utasikia watu wakisema kosa ni kupuliza karibu mno. Kupuliza kwa mbali hupunguza madhara kwa kuwa kiyeyushi kingi huruka njiani, lakini huko ni kubahatisha, na kona za madirishani ndizo huliwa kwanza.

Kinga yake ni kuipa stairofomu ngozi. Changanya vipimo viwili vya rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa na kipimo kimoja cha gundi nyeupe ya seremala. Ukitaka ngozi ngumu zaidi, ongeza kijiko kimoja cha filla, ile ya kuzibia nyufa za ukuta, kwa kila kikombe cha mchanganyiko. Paka mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa, na usisahau chini ya ukuta, ndani ya matundu ya madirisha na juu ya ukingo. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kupitisha kiyeyushi. Ukiitia mchanganyiko huo rangi nyeusi au kahawia, ndiyo tayari rangi yako ya kwanza, na kopo halihitajiki tena. Kopo ni zuri kwa visanamu vya plastiki ngumu au vya chuma. Kwa nyumba za stairofomu ni gharama na hatari bila faida yoyote.

Vipi kuhusu mashimo yaliyokwisha kutokea? Kwa kuwa mtaa wako uko vitani, utashawishika kuyaacha uyaite mashimo ya mizinga. Usifanye hivyo. Polistirini iliyoyeyuka ina kingo za mviringo zinazong'aa, na jicho huitambua mara moja. Jiwe lililopigwa na tufe huvunjika kwa pembe. Chukua wembe mpya, ukate sehemu yote iliyoyeyuka mpaka ufike kwenye punje nyeupe nzima, kisha uzibe kwa filla iliyochanganywa na mchanga safi. Baada ya nusu saa hivi, filla ikiwa imeanza kushika lakini haijakauka, imegue ukingoni kwa kijiti cha meno. Utapata kuvunjika kwa kweli. Nyumba hiyo iwe gofu. Gofu moja kati ya nyumba tatu linafaa kwa historia, na kwa mchezo linafaa zaidi, kwa sababu askari wanaweza kuingia ndani na kujikinga bila mtu kufunua paa.

Sasa kibao. MDF ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ulipoipaka upande wa juu gundi yenye maji, nyuzi za juu zilinywa na kuvimba huku za chini zikibaki kavu. Gundi ilipoanza kukauka ikasinyaa, ikauvuta uso wa juu, na pembe zikapanda. Kibao kinene hustahimili mvuto huo. Cha milimita 3 hakiwezi. Kwa hiyo tatizo ni kunywesha upande mmoja tu, na dawa ni kunywesha na ule mwingine.

Ng'oa nyumba kwanza. Pitisha mshipi wa kuvulia chini ya ukuta na uuvute huku na huku kama msumeno. Gundi ambayo haijakauka itakatika bila kuung'oa ukuta. Kwangua mchanga wote. Pindua kibao, upake chini mchanganyiko wa gundi na maji nusu kwa nusu, ukiziloweka na kingo, kisha ukilaze juu ya karatasi ya nailoni sakafuni na kukikandamiza kwa ubao mwingine wenye pakiti nne za unga za kilo mbili. Kiache siku mbili. Ondoa uzito, kiache siku moja zaidi kikiwa kimesimama ili hewa ipite pande zote, halafu kipime kwa rula iliyonyooka. Pengo la katikati likiwa milimita 2 au pungufu, kitumie. Likizidi hapo, usipoteze muda.

Ukiniuliza mimi, ningekibadilisha hata kama kimenyooka. Kwa pwani, MDF ya milimita 6 ndiyo ya kuanzia, au plaiwudi ya milimita 9. Fundi yeyote wa fanicha mwenye msumeno wa mashine ana mabaki ya ukubwa huo, na atakukatia kwa pembe mraba kweli kweli, jambo ambalo kwa msumeno wa mkono ni la shida. Kabla ya kubandika kitu chochote, kipake vanishi ya mbao au rangi ya mafuta pande zote mbili na kingo. Kingo zipewe mikono mitatu kwa sababu ndizo zinazonywa maji kuliko uso. Baada ya hapo subiri mpaka harufu ya tapentaini iishe kabisa, siku mbili au zaidi, la sivyo mvuke wake utaanza kuila stairofomu kutoka chini, mahali usipoona.

Kuhusu gundi inayonata, kuna dhana inayofaa kunyooshwa. Gundi nyeupe haigandi kama gundi za kuchanganya chupa mbili. Ni chembe za plastiki zinazoelea majini, na maji yakitoka chembe hushikana. Maji yana njia mbili tu: kupanda hewani, au kunywewa na kitu kinachofyonza. Wewe umeiweka gundi kati ya stairofomu isiyofyonza na kibao, tena kwa wingi, kwa hiyo maji yanatokea ukingoni tu. Chini ya nyumba yenye upana wa sentimita 10, katikati panaweza kubaki pabichi wiki nzima. Kuongeza gundi hakuongezi nguvu, kunaongeza maji. Ukirudia, paka mstari mwembamba karibu na ukingo na matone machache katikati, kisha uchome vijiti vya mishikaki kutoka ukutani hadi kwenye matundu uliyotoboa kibaoni. Vijiti ndivyo vitakavyoshika nyumba. Gundi itakauka kwa wakati wake.

Na huo mchanga wa ufuoni ndio mkosaji mkuu. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika kama asilimia 75, na chumvi nyingine zilizomo katika maji ya bahari huanza chini zaidi ya hapo. Usiku wa Mombasa huvuka kiwango hicho mara nyingi mno, hasa masika. Kila usiku mchanga wako unalowa upya, na kila mchana maji yakipanda hewani yanaipandisha chumvi juu na kuiacha pale ikiwa fuwele nyeupe. Kuufunika kwa vanishi hakusaidii: chumvi itabaki chini ikivuta maji, na baada ya miezi kadhaa rangi itaanza kubanduka kwa magamba.

Hata hivyo hakikisha kwanza, maana weupe juu ya mandhari unaweza kuwa wa aina tatu. Gusa kwa brashi yenye maji baridi. Ukitoweka papo hapo na kurudi palipokauka, ni chumvi. Ukiwa na manyoya na harufu ya stoo iliyofungwa, hasa juu ya majani chai au vumbi la mbao, ni kuvu, na kipande hicho kitupwe. Na ukiwa kama pazia jembamba juu ya sehemu iliyopulizwa vanishi ya kopo, ni unyevu ulionaswa: kiyeyushi kikiruka hupoza uso, mvuke wa hewani ukatua juu yake na kufungiwa humo. Huo wa tatu mara nyingi huondoka ukipuliza mkono mwepesi wa vanishi inayong'aa siku kavu, adhuhuri hadi saa tisa, wakati unyevu unapokuwa chini kuliko alfajiri au usiku. Vanishi ya maji inayopakwa kwa brashi haina balaa hilo, na kwa majengo inatosha.

Tumia mchanga wa mto, ule wa ujenzi, uliochekechwa kwa chujio la chai. Vikombe viwili vinatosha kipande chako na kubaki. Ukishikilia wa ufuoni, uoshe kwa maji matamu mara tano, ukiukoroga na kumwaga, na suuzo la mwisho lisiwe la maji ya kisima, kwa sababu visima vingi vya mjini vina chumvi chumvi na utakuwa unairudisha. Kisha ukaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo dakika ishirini. Matumbawe halisi usiyaguse. Kuyaokota ndani ya hifadhi ya bahari ni marufuku, na hata hivyo kwa kipimo hiki vitundu vyake ni vikubwa kuliko dirisha la nyumba.

Hilo linanileta kwenye printa. Nyumba zilizochapwa ni chaguo halali, na asikwambie mtu kuwa ni uvivu. Zina kingo safi, hazilowi, na nakshi ya mlango hutoka vizuri kuliko mkono wa wengi. Lakini nyumba moja ya ghorofa kwa kipimo cha milimita 28 inaweza kuchukua siku nzima na usiku wake kwenye mashine, na plastiki inayotumika sana, PLA, huanza kulainika karibu nyuzi 60, kwa hiyo kuisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuipoteza. Uzi wa plastiki unaoingizwa mashineni nao hunyonya unyevu na kutoa nyumba zenye nywele nywele. La maana zaidi, sharti lenu linasema "alichokijenga na kukipaka rangi mwenyewe". Muulize anayesimamia shindano kama milango na madirisha ya kuchapwa yanakubalika juu ya ukuta wa mkono. Wengi hukubali, na hapo unapata faida ya pande zote mbili.

Kabla hujajenga tena, tazama vipimo, maana hapa ndipo vipande vizuri huharibikia mchezoni. Milimita 28 kwa watengenezaji wengi ni kutoka nyayo hadi macho ya kisanamu, na kwa hesabu nyepesi mita moja ya kweli huwa kama milimita 18 mezani. Mlango wa mita 2.2 uwe milimita 40. Ghorofa moja, milimita 55. Nyumba ya mawe ya Kiswahili ilikuwa na vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Kwako hizo ni milimita 45 hadi 55. Ukiufuata upana huo, hata asiyejua atahisi nyumba ni ya huku. Boriti zenyewe, zenye unene wa sentimita 12 hivi, huwa milimita 2, na hakuna kitu kinacholingana nazo kuliko chelewa za fagio. Zikate, zikwaruze kidogo kwa msasa ili rangi ishike, uzipange zikiachana milimita 6 ndani ya gofu ambapo dari imebomoka.

Kichochoro kikiwa cha kweli hakitachezeka. Mita mbili ni milimita 36. Kisanamu chenye kitako cha milimita 25 kitapita, ila vidole vya kukisogeza havitaingia kati ya kuta za sentimita 11. Kipe milimita 55. Kibaraza cha nje vivyo hivyo: kwa haki kingekuwa na kina cha milimita 10, lakini ukikipa 27 askari ataweza kusimama juu yake. Mimi huchagua mchezo kuliko usahihi kila vinapogongana, na sioni haja ya kuomba radhi. Kwa mpangilio, nyumba ya mawe iwe sentimita 10 kwa 14, gofu 9 kwa 10, na ya tatu 8 kwa 9. Zote pamoja zinachukua kama theluthi ya kibao, na nafasi ya kupigana inabaki.

Hiyo ya tatu ifanye ya udongo na fito yenye paa la makuti, wala si ya mawe. Mji haukuwa mawe matupu, na paa la makuti ni kazi ya jioni moja. Chukua usumba wa makumbi ya nazi, uukate vipande vya milimita 25, ubandike safu kwa safu kuanzia chini, kila safu ikiifunika iliyotangulia na kuacha milimita 8 wazi. Ukikauka, upulizie maji na gundi tatu kwa moja. Gundi ya unga wa ngano iache kabisa. Mende wa Mombasa wataimaliza kabla ya siku ya hukumu.

Jambo moja la historia, kwa kuwa nina hakika utakwenda Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale, kupiga picha. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mzingiro wenu ulidumu kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698. Roshani za mbao zenye nakshi zinazoning'inia juu ya mitaa ya Mji wa Kale leo nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, zenye mkono wa mafundi kutoka Bara Hindi. Ukiziweka kwenye meza ya 1696 umeikosea kwa miaka mia mbili. Paa la bapa, kuta nene, madirisha machache madogo, mlango mmoja mzito, kibaraza nje: hivyo vinatosha. Na ni afueni kwako, kwani roshani ndiyo inayokula muda kuliko kitu chochote.

Ukuta wa mawe ya matumbawe unatengenezwa hivi. Juu ya ngozi iliyokauka, paka filla unene wa milimita 2, nzito kama siagi. Ikianza kushika, bonyeza kwa donge la karatasi ya aluminiamu iliyofinyangwa, ukiligeuza kila mara ili alama zisijirudie, kisha piga piga kwa mswaki wa zamani. Fanya hivyo penye mawe wazi tu. Kwingine laza filla kwa kidole chenye maji iwe lipu ya chokaa. Ukuta ulio nusu lipu, nusu mawe, na mpaka usionyooka kati yake, unapendeza kuliko ulio mawe mtupu. Usiweke filla nene kwa mara moja. Ikizidi milimita 4 itapasuka, kwa sababu juu hukauka na kusinyaa huku ndani ikiwa bado mbichi.

Rangi hazihitaji vichupa vya bei. Lita moja ya rangi nyeupe ya maji, na vichupa vidogo vya rangi ya kukolezea vya nyeusi, kahawia na manjano ya udongo, vitamaliza kazi na kukuachia akiba ya mashindano mengine. Anza na kahawia iliyokolea iingie kila tundu. Ikikauka, changanya nyeupe na manjano kidogo na tone la kahawia, chovya brashi pana, ifute kwenye gazeti mpaka karibu isiache alama, kisha ipitishe juu ya ukuta kwa wepesi. Rangi itashika vilele tu. Rudia kwa rangi nyeupe zaidi, eneo dogo zaidi. Nyeupe tupu isiguse ukuta wowote, maana juani chokaa ya mji wa bahari si nyeupe hata siku moja.

Kisha maji ya rangi ya kutia uchakavu: sehemu moja ya rangi nyeusi na kahawia, sehemu kumi za maji, tone moja la sabuni ya vyombo ili yatiririke. Hapa wengi huharibu. Rangi ya ukutani isiyong'aa hufyonza, na ukiidondoshea maji hayo moja kwa moja huacha madoa yenye ukingo. Rashia ukuta maji safi kwanza, ndipo upake. Ukimaliza, chukua brashi nyembamba uvute mistari ya kijivu yenye ukijani kutoka ukingo wa paa kwenda chini, mingine mirefu, mingine mifupi, zaidi pembeni mwa madirisha. Ndiyo michirizi ya mvua na kuvu ambayo kila nyumba ya pwani inayo. Dakika kumi za michirizi zitakupa mengi kuliko saa mbili za kupaka jiwe moja moja.

Sasa wiki tatu. Zinatosha iwapo utapanga kazi kwa kukauka. Siku nne za kwanza ni za kibao: kukatwa, kupakwa, kuondoka harufu. Siku hizo hizo kuta zinapata ngozi mezani, kwa hiyo hukai bure. Kutoka siku ya tano hadi ya tisa ni filla, nyumba moja kwa siku, ili daima moja iwe inakauka, moja inachongwa, moja inangoja. Siku ya kumi bandika nyumba na vijiti, ya kumi na moja mchanga, kisha siku tatu usiguse. Hizo tatu ndizo zitakazokuuma, na ndizo zinazookoa kazi. Rangi ianze siku ya kumi na tano. Utabaki na siku mbili au tatu za dharura, na zitatumika.

Kukausha, weka feni ya kawaida umbali wa mita moja na uinue kipande juu ya vijiti vinne ili hewa ipite chini. Feni inashinda jua. Jua la saa saba huikausha ngozi ya juu na kuyafungia maji ndani, na filla hupasuka. Kama kuna chumba chenye AC, usiku mmoja humo una thamani ya siku mbili nje, kwa sababu mashine hiyo huondoa unyevu hewani. Usijaribu kikausha nywele cha moto. Stairofomu hulegea kabla maji hayajachemka.

Kuna mambo usiyamalize kwa kusoma. Ukipuliza kopo ndani ya nyumba na kichwa kikauma au ukasikia kizunguzungu, toka nje, na usirudie chumba hicho siku hiyo. Mwenye pumu asikae karibu na kopo, vumbi la MDF wala stairofomu inayokatwa kwa waya wa moto, na kifua kikibana aende hospitali, asingoje kipite. Supaglu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usiyafungue macho kwa nguvu, nenda kwa daktari wa macho. Kukata vibao mwachie seremala. Na kama hujui rangi ya ardhi iliyokubaliwa kwa meza nzima, usiikadirie kwa picha ya simu: beba kipande cha kadibodi ulichokipaka, ukakilinganishe na cha mwenzako mchana, nje.

Ukienda huko, pima na kibao chake. Wewe ukihamia milimita 6 na majirani zako wakiwa kwenye 3, meza itakuwa na ngazi kila mpaka. Kubalianeni unene mmoja, na mahali kichochoro kinapotokea ukingoni: kwa mfano katikati, sentimita 15 kutoka pembe, kwa upana ule ule wa milimita 55. Kama wao wamekwisha kujenga na hawabadilishi, bandika vipande vya kadibodi ya milimita 3 chini ya vibao vyao siku ya kuunganisha, na wewe uache wazi sentimita moja ya ukingo bila mchanga, uimalizie hapo hapo vipande vikiwa vimekaa pamoja.